Umelijaribu? Hotuba kwa walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa sekondari, nami nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maajabu ya sayansi, na barua ya mwaliko iliponifikia nilifahamu mara moja kinachotarajiwa: sayari, roketi na kompyuta zinazoongea. Hayo ni mambo mazuri, na vijana wetu wanayasoma kwenye simu zao kila siku pasipo msaada wangu. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie mambo ambayo yalionwa kwa macho matupu na watu waliokuwa wakifanya kazi zao: mwanafunzi aliyekuwa akitengeneza aiskrimu, wenyeji wa pembe hii ya Afrika waliosema homa inatoka wapi, warina asali, na wahunzi. Wote hao waliona jambo la kweli, au walau jambo lililostahili kuchunguzwa, nao wakalisema. Basi swali langu kwenu ni moja, na mtanivumilia nikilirudia: walipolisema, nani alisikia? Na aliyesikia alifanya nini?

Tuanze na Erasto Mpemba, kwa kuwa jina lake mnalijua, ingawa nahofu kwamba wengi wetu tumesikia nusu tu ya kisa chake. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kwenye Milima ya Usambara. Wanafunzi wa hapo walizoea kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe hadi yakaribie joto la chumba, ndipo wakayatia kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu na wenye hamu walikuwa wengi, hivyo kila mara ikawa ni mashindano ya kuwahi. Siku moja Mpemba, akiwa amekwisha kuyachemsha maziwa yake, alimwona mwenzake akichanganya sukari na maziwa yasiyochemshwa na kuyamimina upesi kwenye trei ya barafu ili asikose nafasi. Mpemba akapima: akingoja yake yapoe, trei zitakwisha. Akaamua kuhatarisha friji ya shule, akayatia maziwa yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kuangalia. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tungeishia hapo? Tungekula aiskrimu yetu, tukafurahi, tukaenda kulala. Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia akamwuliza kwa nini imekuwa hivyo, na mwalimu akamjibu kwamba alikuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Mpemba akalikubali jibu hilo, kama ambavyo mwanafunzi mwenye adabu hufundishwa kukubali. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba katika biashara yao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoganda upesi. Na wauzaji wengine wa mjini hapo walifanya vivyo hivyo.

Naomba tutue hapa kidogo, kwa sababu sehemu hii ya kisa ndiyo hurukwa tunapowasimulia watoto. Wauza aiskrimu wa Tanga hawakuwa na nadharia yoyote. Walikuwa na wateja, jua kali, na haja ya kugandisha mzigo kabla ya watu kutoka kazini. Wakati darasani jambo hilo halikuwezekana, mtaani lilikuwa njia ya kupata riziki. Mpemba aliporudi kuliamini jicho lake, kilichomrudisha ni maneno ya wauza aiskrimu, wala hayakuwa maneno ya kitabu.

Alipofaulu mtihani wa kidato cha nne alikwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Mwalimu alipokuwa akifundisha kanuni ya Newton ya upoaji, inayosema kitu hupoa kwa kasi zaidi kadiri joto lake linavyozidi lile la mazingira yake, Mpemba aliuliza tena. Mwalimu akasema amechanganyikiwa. Mpemba akashikilia. Ndipo mwalimu akatoa ile kauli maarufu, kwamba anachoweza kusema ni kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimcheka kwa maneno hayohayo: hiyo ni hisabati ya Mpemba. Mimi ni mwalimu, na najua jinsi mzaha mmoja wa mwalimu unavyoweza kukaa darasani mwaka mzima baada ya mwalimu mwenyewe kuusahau.

Alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mtu ndani. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya friji iliyokuwemo. Alipozitazama baada ya saa moja, hakuna iliyokuwa imeganda yote, ila ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Kumbukeni kwamba alifanya hivyo kwa siri, katika shule iliyojengwa kwa madhumuni ya kufundisha majaribio.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alialikwa shuleni hapo kutoa mhadhara kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 na kingine maji ya nyuzi 100, ukaviweka katika friji, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali, kisha akamwuliza: ni kweli? Umelifanya? Mpemba akajibu kwamba amelifanya. Osborne akasema hajui sababu yake, ila anaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Mgeni alipokwisha kuondoka, wanafunzi wenzake walimshambulia kwa kuwaaibisha mbele ya mtu mkubwa, na mmoja akamwuliza kama kweli ameielewa ile sura ya kanuni ya Newton.

Walimu wenzangu, hebu tulitazame jibu la Osborne polepole. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Ndani ya nafsi yake alidhani kijana amekosea, na baadaye aliandika hivyo waziwazi. Hata hivyo alimwuliza swali moja tu lenye maana katika hali ile, yaani umelijaribu, na aliposikia kwamba limejaribiwa akajifunga mbele ya watu kulijaribu yeye mwenyewe. Yote hayo yalikuwa ya muda mfupi tu.

Aliporudi chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi! Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnamfahamu huyo fundi. Yumo katika kila maabara ya shule zetu, na pengine yumo katika kila mmoja wetu tunaposahihisha madaftari ya majaribio na kuweka alama ya mkasi palipoandikwa namba halisi, kwa kuwa hailingani na namba ya kitabu.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la kufundishia fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa ya uhifadhi wa wanyamapori. Jina lake likabaki katika fizikia. Baadaye watu walikumbuka kwamba Aristotle naye, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya hapo, aliandika juu ya wavuvi wa Pontus waliovua juu ya barafu na kumwagia matete yao ya kuvulia maji ya moto ili yagande upesi. Tazameni tena: wavuvi! Mwanafalsafa aliandika, lakini walioona walikuwa wavuvi.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengine hulificha kwa uzalendo. Wanasayansi mpaka leo hawajakubaliana. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa kuvukiza, hivyo yanabaki machache ya kugandisha. Wengine wanataja mikondo ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na wengine wanasema maji ya baridi hupoa chini ya sifuri kabla ya kuganda. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilishindanisha watu kutafuta maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakaja. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upoaji kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wowote wa kuaminika, tena wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali unapokiweka kipimajoto ndani ya chombo inatosha kukudanganya. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada, wakitumia chembe ndogo sana ya kuonwa kwa hadubini ndani ya maji, wakaonyesha kwamba chini ya masharti fulani mfumo ulioanza ukiwa na joto zaidi kweli hufika kwenye ubaridi mapema kuliko ule uliokuwa vuguvugu.

Je, ubishi huu unampunguzia Mpemba heshima? Kwangu mimi, hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Kijana wa kidato cha tatu aliuliza swali, na zaidi ya nusu karne baadaye watu wenye mashine za gharama wanabishana juu yake. Kumsifu Mpemba kwenye sherehe ni rahisi. Kumpima ni kazi, na anayekupima ndiye aliyekusikia.

Ndugu Mwenyekiti, nimesimulia kisa ambamo hatimaye palipatikana msikilizaji. Naomba sasa nisimulie kwa ufupi kisa ambamo hakupatikana, kwa sababu gharama yake haikuwa aiskrimu.

Mwaka 1856 Mwingereza Richard Burton alichapisha kitabu cha safari yake katika nchi ya Wasomali. Humo anaeleza kwamba wenyeji walimwambia kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Akaandika kwamba hiyo ni imani ya kishirikina, iliyotokana yamkini na ukweli kwamba mbu na homa huzidi wakati mmoja. Mmesikia jinsi alivyokaribia? Aliuona ule mwandamano, mbu wakiongezeka na homa ikiongezeka, akauchukua uleule uliokuwa ushahidi wao akaufanya sababu ya kuwapuuza. Ilipita miaka 41 kabla Ronald Ross, huko Secunderabad nchini India mwezi wa Agosti 1897, hajamfungua tumbo mbu na kuona ndani yake kimelea cha malaria.

Na wakati huohuo daktari maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, alifika katika milima yetu ya Usambara, na mwaka 1898 akaripoti kwamba wenyeji wa huko walijua wazi kuwa huugua wanaposhuka tambarare na kuumwa na mbu. Wao hawakuhitaji hadubini kujua mahali pa hatari, na ndiyo maana waliogopa kulala huko chini. Ni kweli, kimelea chenyewe wasingeweza kukiona. Laveran alikigundua mwaka 1880 huko Algeria kwa hadubini, na hilo hakuna hekima ya wazee ingeweza kulifanya. Tumwonee huruma kidogo Burton pia, kwani siku zile madaktari wa Ulaya waliamini malaria inatoka kwenye hewa chafu ya vinamasi. Lakini fikirini: tangu 1856, kama mtu mmoja mwenye nafasi angeuliza lile swali la Osborne, mmelijaribu, mnajuaje, angalau neti zingeheshimiwa mapema zaidi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya, maana naona mzee mmoja mstari wa mbele anatikisa kichwa kwa furaha iliyopita kiasi. Sisemi kwamba kila neno la wazee ni sayansi. Tulifundishwa pia mambo mengi ya uongo na watu tuliowapenda, yakiwemo yale ya kuwanyima wajawazito mayai. Ninachosema ni kwamba kauli ya mtu anayeishi na jambo kila siku ni kauli ya shahidi, na shahidi huhojiwa. Hapigiwi makofi, na wala hafukuzwi mahakamani kabla hajafungua kinywa.

Je, kuhoji kwa namna hiyo kunakuwaje? Hapo twende porini.

Yupo ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, anayeitwa mlembe na wengi, ambaye ukimwona ametulia juu ya tawi huna sababu ya kumtazama mara mbili. Chakula chake kikubwa ni nta. Anajua nyuki walipo, lakini mzinga wao uko ndani ya pango la mti na wenyewe ni wakali. Binadamu ana moto, moshi na shoka, ila hajui nyuki walipo. Basi ndege humjia mtu, hulia kwa sauti ya haraka isiyotulia, huruka mbele kidogo, hutua, hungoja, huruka tena, mpaka wanafika. Mtu hurina asali, ndege hubakiwa na masega. Mmisionari mmoja Mreno, João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, alishangaa kuwaona ndege hao wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa.

Kwa muda mrefu wataalamu walisikia masimulizi haya wakayaweka katika fungu la ngano. Kisha Hussein Isack, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa zamani sana: waliwauliza warina asali wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya wanachokijua, kauli moja baada ya nyingine, kisha wakaipima kila kauli. Waborana walisema ndege huonyesha mwelekeo kwa njia anayorukia. Wakapima, ikawa kweli. Walisema unaweza kujua umbali kwa kuangalia ndege anapotoweka mara ya kwanza: akikawia kurudi, nyuki wako mbali. Wakapima, ikawa kweli. Walisema mnapokaribia, vituo vyake hukaribiana na matawi anayotua huwa ya chini zaidi. Wakapima, ikawa kweli. Makala yao ya mwaka 1989 inaonyesha kwamba katika eneo wasilolizoea, kupata mzinga mmoja bila ndege kulichukua wastani wa saa 8.9, na pamoja na ndege saa 3.2. Waborana wenyewe huanza kwa kumwita, kwa kupuliza mbinja kali katika viganja vilivyokunjwa, katika kombe la konokono au katika kokwa la mkoche lililotobolewa.

Kumbe na ndege naye husikia. Katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, warina asali wa Kiyao hutembea wakitoa mlio wa brrr unaomalizika kwa hm fupi. Claire Spottiswoode na wenzake waliwauliza kwa nini, nao wakajibu kwamba ndivyo walivyofundishwa na baba zao. Watafiti wakatembea porini wakicheza sauti mbalimbali zilizorekodiwa, yaani mlio huo, sauti nyingine za watu, na sauti za wanyama. Uwezekano wa kupata mzinga ulikuwa asilimia 17 kwa sauti nyingine, na kwa mlio wa Wayao ukapanda hadi asilimia 54. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016.

Lakini lililonikosesha usingizi lilikuja mwaka 2023. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, hapa Tanzania, humwita ndege huyohuyo kwa mbinja, mbinja laini inayopanda na kushuka, isiyofanana kabisa na mlio wa Wayao. Spottiswoode akaungana na Brian Wood, aliyefanya kazi miaka mingi na Wahadzabe, wakabadilishana sauti: mbinja ya Wahadzabe ikachezwa Msumbiji, na mlio wa Wayao ukachezwa kwenye vilima vya Kidero. Ndege wa Kidero waliitikia mbinja ya wenyeji wao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa kigeni, na wale wa Niassa nao waliitikia mlio wa Wayao takriban mara mbili kuliko mbinja. Kwa hiyo kila kundi la ndege limejifunza lugha ya watu wa kwao.

Na sasa kwa wanafunzi wa baiolojia: amejifunza kwa nani? Mlembe hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine. Kifaranga chake huzaliwa na ndoana kali mdomoni, na kwa ndoana hizo huwaua vifaranga wa mwenye kiota akiwa bado kipofu na hana manyoya. Hajawahi kukaa na mama yake wala baba yake, na waliomlea hawali nta. Huenda aliyebaki wa kumfundisha ni binadamu mwenye shoka anayepita chini akimwita. Mahali ambapo watu wameacha kurina asali ya porini, tabia hii ya ndege nayo hufifia, maana hakuna tena wa kuzungumza naye. Wazazi mliokulia vijijini, kama mliwahi kuwafuata ndege hawa, waelezeni watoto wenu mlivyowaita, na sauti zenyewe mzitoe. Msione haya. Sauti hizo hazikuandikwa popote.

Nimalizie na chuma, kwa kifupi, kwa maana naona muda unanikimbia.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipofika Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, mwishoni mwa miaka ya 1960, wazee wa Katuruka walimwonyesha mti mkubwa mtakatifu wakamweleza kwamba hapo wahunzi wa mfalme Rugomora Mahe walifua chuma cha kujengea mnara wa kufika mbinguni. Mnara wa kufika mbinguni! Msomi mwenye haraka angefunga daftari. Schmidt aliwaomba wamwonyeshe mahali hasa, kisha akachimba, na chini ya hapo yakapatikana mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, yaani ya zamani kuliko mfalme huyo kwa karne nyingi mno. Kumbukumbu ilikuwa imembadilisha mwenye kazi na kukosea wakati, ila mahali ilipahifadhi.

Miaka michache baadaye Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, kabla ya majembe ya dukani kuiua kazi hiyo, wajenge tena tanuru kwa kumbukumbu zao. Walichimba shimo wakalipaka udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya kinamasini ndani yake mpaka yakawa makaa meusi laini, wakajenga shina la tanuru juu yake, wakapitisha mabomba ya udongo yaliyoingia ndani sana katika moto, na nyuma ya kila bomba mtu akakaa na mivukuto. Kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua, na makala yao ya mwaka 1978 ilisema kwamba hewa iliyopashwa joto ndani ya mabomba iliupandisha moto hadi zaidi ya nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamebishia hesabu hiyo ya hewa, wakisema bomba la udongo haliwezi kupasha joto kiasi hicho, na hoja zao zina uzito. Lakini hakuna aliyebisha juu ya mikono ya wale wazee, ambao waliyajenga matanuru bila mchoro, wakiulizana wao kwa wao, mmoja akikumbuka kina cha shimo, mwingine akikumbuka mahali pa kuchukua udongo.

Wazee wale walikuwa wameishi miaka mingi pale pale, jirani na shule, na ujuzi wao vichwani. Sijui kama kuna mwalimu wa kemia aliyewahi kuwaalika darasani. Sisi je? Fundi wa kuchomelea vyuma aliyeko nje ya lango la shule, mama anayejua ni muhogo upi utaua usipolowekwa na kwa siku ngapi, mvuvi anayetaja upepo kabla haujafika: nani kati yao ameshawahi kusimama mbele ya kidato cha pili akahojiwa kwa adabu na kwa vipimo? Ninapendekeza kwa mkuu wa shule, na nimekwisha kumnong'oneza, kwamba muhula ujao kila darasa la sayansi lipewe jambo moja lililosemwa na mtu wa mtaani, lilijaribu kwa vifaa vilivyopo, na kuandika namba zilizopatikana hata kama hazimfurahishi mtu yeyote, akiwemo aliyelisema.

Mwenyekiti ananiashiria kwamba tuna nusu saa ya maswali. Naomba kipaza sauti kianzie kwa wanafunzi waliokaa nyuma, na ambaye swali lake litachekwa nitamwomba alirudie mara ya pili. Asanteni sana kwa kunisikiliza.